Utafiti tendaji kwa daftari moja: kulifuata kosa la wanafunzi mpaka lilikoanzia

Umeketi ofisini na rundo la madaftari ya Hisabati ya Darasa la Tatu. Swali lilikuwa 52 − 27. Jibu ni 25, lakini daftari baada ya daftari limeandikwa 35. Unaweka alama ya kosa, unafungua jingine, 35 tena. Kesho yake unaingia darasani na kufundisha somo lile lile kwa njia ile ile. Kilichobadilika ni sauti tu, imepanda.

Nimefundisha hivyo miaka mingi, sitakuficha. Nilipojifunza utafiti tendaji chuoni, nilijifunza kama kazi ya kutafutia alama: sura tano, jalada gumu, kisha kabatini. Hapa siongelei huo. Naongelea ule unaoingia kwenye daftari moja la kurasa 40 na kumalizika kabla ya likizo fupi.

Maana yake ni nyepesi. Mwalimu anachunguza ufundishaji wake mwenyewe, anabadili kitu kimoja, kisha anapima kama mabadiliko hayo yamesaidia. Jina hili lilipata nguvu mwaka 1946 kupitia Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler akahamia Marekani. Miaka ya 1950 Stephen Corey wa Chuo Kikuu cha Columbia akaliingiza kwa walimu, na baadaye Uingereza Lawrence Stenhouse akashikilia kwamba mwalimu asiwe mtu wa kuletewa matokeo ya utafiti wa wengine, awe mtafiti yeye mwenyewe. Ile duara ya kupanga, kutenda, kuangalia na kutafakari, ambayo wengi tuliichora kwenye mitihani, ilienezwa miaka ya 1980 na Stephen Kemmis na Robin McTaggart wa Chuo Kikuu cha Deakin, Australia. Historia inatosha. Turudi kwenye 35.

Nitalitumia kosa hilo moja tangu mwanzo hadi mwisho. Darasa ninalolieleza, lenye watoto 72, ni la mfano, na idadi zake nimeziweka ili tuelewane. Kosa lenyewe si la mfano. Ukifundisha darasa hilo utalikuta Jumatatu asubuhi.

Hatua ya 1: Geuza lalamiko liwe swali

"Watoto hawa hawapendi Hisabati" ni lalamiko. "Wazazi hawafuatilii" pia ni lalamiko, na huenda ni la kweli, ila hutawabadili wazazi 72 kabla ya mwisho wa mwezi. Swali la utafiti tendaji lina masharti matatu. Liguse jambo lililo mikononi mwako. Lipimike ndani ya wiki mbili au tatu. Na la tatu, ambalo wengi tunalisahau: liwe swali ambalo jibu lake hulijui. Mwalimu anayeuliza "Je, zana za kufundishia zinasaidia?" ameshaamua kwamba zinasaidia. Huyo anatafuta shahidi tu.

Mwalimu wa Biolojia Kidato cha Kwanza anaweza kuuliza kwa nini darasa lililokuwa likichangamka kwa Kiswahili shule ya msingi limekuwa kimya tangu lugha ya kufundishia ilipobadilika, na je, wakijadiliana kwanza kwa Kiswahili dakika tano, wangapi watathubutu kujibu kwa Kiingereza? Mwalimu wa Darasa la Kwanza anaweza kuuliza ni watoto gani huwa hawasomi kwa sauti wiki nzima. Maswali madogo, lakini yanashikika.

Letu liwe hivi: "Kwa nini watoto wengi wa Darasa la Tatu wanakosea kutoa kwa kukopa, na nibadili nini katika kufundisha kwangu ili wapungue?" Liandike ukurasa wa kwanza wa daftari, na tarehe.

Kabla hujaendelea, mweleze Mwalimu Mkuu na mwalimu wa taaluma unachotaka kufanya. Si kwa kuogopa. Ukianza kuwaita watoto mmoja mmoja na kuwauliza maswali bila mtu kujua, habari itafika nyumbani ikiwa imegeuka. Katika daftari lako usiandike majina ya watoto, wape namba. Picha na sauti zao usirekodi kama wazazi hawajaridhia.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi kabla hujagusa kitu

Hapa ndipo pana uvivu wetu mkubwa. Tukiona kosa tunakimbilia dawa. Kaa na kosa kwanza, walau wiki moja.

Tunga jaribio la maswali kumi, la dakika 20. Manne yasihitaji kukopa kabisa, kama 68 − 25, ili ujue nani hajui kutoa na nani hajui kukopa. Manne yahitaji kukopa. Mawili yawe na sifuri, kama 60 − 23, kwa sababu sifuri ina matata yake.

Sasa tazama jambo ambalo lilinichukua muda mrefu kuliona. Lile swali la 52 − 27 ni swali baya. Mtoto wa kwanza anafika kwenye mamoja, anaona 2 juu na 7 chini, anageuza: saba toa mbili, tano. Kisha tano toa mbili, tatu. Anaandika 35. Mtoto wa pili anakopa vizuri kabisa: kumi na mbili toa saba, tano. Lakini anasahau kwamba ameshachukua kumi moja, kwa hiyo hapunguzi makumi: tano toa mbili, tatu. Naye anaandika 35.

Jibu ni moja, magonjwa mawili. Ukiwapa dawa moja, mmoja wao hatapona na wewe hutajua kwa nini.

Badili tarakimu moja tu. Ukiuliza 52 − 28, jibu sahihi ni 24. Anayegeuza ataandika 36, anayesahau kupunguza ataandika 34. Kwenye 71 − 34, sahihi ni 37, anayegeuza atapata 43, anayesahau 47. Kwenye 60 − 23, sahihi ni 37, na makosa hayo mawili yanatoa tena 43 na 47. Kanuni ya kutunga ni hii: tofauti kati ya tarakimu mbili za mamoja isiwe 5. Ikiwa 5, kama kwenye 64 − 19, makosa yote mawili yanaangukia jibu moja na huwezi kuyatenganisha. Fungua mazoezi uliyowahi kutoa uangalie ni mangapi yaliyokuficha.

Ukisahihisha, usihesabu alama peke yake. Weka karatasi katika mafungu kufuatana na aina ya kosa. Mtoto mwingize fungu fulani ikiwa kosa hilo limejirudia walau mara tatu, maana mara moja linaweza kuwa la bahati mbaya. Katika darasa letu la mfano mafungu yanakuja hivi: 21 wako sawa, 33 wanageuza, 12 wanasahau kupunguza, 6 hawaeleweki.

Halafu waite watoto sita, wawili kutoka kila fungu lenye kosa, mmoja mmoja, mahali panapoonekana na watu, chini ya mti au kwenye kibaraza. Usimwambie mtoto kwamba amekosa. Mpe karatasi yake na useme, "Hebu nieleze ulivyofanya hapa." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kwetu sisi walimu. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hebu nieleze ulivyofanya hapa."

"Nane toa mbili, sita. Tano toa mbili, tatu."

"Mbona umeanza na nane?"

"Kwa sababu nane ndiyo kubwa, mwalimu."

Yaandike maneno yake kama alivyoyatamka. Usiyapambe.

Na wale sita wasioeleweka usiwadharau. Mmoja wao ukimtazama daftari utakuta ameandika 23 mahali ambapo ubaoni paliandikwa 28, na 77 mahali pa 71. Huyo msogeze dawati la mbele kwanza, umwone anavyokodoa macho, kisha uzungumze na mzazi wake kuhusu kupimwa macho. Hisabati yake huenda haina tatizo lolote.

Hatua ya 3: Tafuta mkono wako ndani ya kosa

Hatua hii haimo kwenye ile duara, nimeiongeza mwenyewe. Chukua maneno ya mtoto, "nane ndiyo kubwa", ujiulize ameyatoa wapi. Hayakutoka hewani. Darasa la Kwanza tulimwambia, tena kwa kuimba, kwamba tunatoa namba ndogo kutoka kwenye namba kubwa. Kwa namba alizokuwa nazo wakati huo ilikuwa kweli. Leo amekutana na 2 juu na 8 chini, akaitii sheria yetu. Hakukosea kwa uzembe. Alikosea kwa utiifu.

Kisha neno lenyewe "kukopa". Mtaani mtu akikopa anarudisha. Kuna mtoto aliyewahi kumuuliza mwalimu, na darasa likacheka, "Sasa hiyo kumi tutairudisha lini?" Lilikuwa swali zuri kuliko jibu alilopewa. Hatukopi chochote. Tunafungua kumi moja iwe mamoja kumi, thamani inabaki ile ile, imehama nafasi tu.

Fungua maandalio ya somo ya mwaka jana, usome ulivyoandika. Ukiweza, mwombe mwenzako akae nyuma ya darasa kipindi kimoja, aandike kila sentensi unayoisema kuhusu kutoa. Utasikia sauti yako ikisema mambo ambayo ungeapa hujawahi kuyasema.

Hatua ya 4: Chagua badiliko moja

Moja. Ukileta vijiti, ukabadili ukaaji, ukaanzisha zawadi ya penseli na ukaongeza kipindi cha jioni, matokeo yakipanda hutajua kilichoyapandisha, na mwakani utalazimika kuyabeba yote manne.

Kwa fungu kubwa, wale 33 wanaogeuza, badiliko letu ni hili: kwa vipindi vinne vya dakika 40, hakuna kutoa kwa tarakimu tupu. Kila swali linaanza na vijiti. Kila mtoto alete vijiti vya chelewa kutoka fagio lililochakaa nyumbani, vikatwe urefu wa kidole, kumi kumi vifungwe kwa uzi. 52 ni mafungu matano na vijiti viwili. Unapotaka kutoa 28, mtoto anatazama vijiti vyake viwili na kuona kwa macho kwamba nane havitoki hapo. Hawezi kugeuza, kwa sababu ile nane haipo mezani, inadaiwa. Atafungua fungu moja mwenyewe. Na neno "kukopa" tunaliacha, tunasema "kufungua kumi".

Andika mpango huu nusu ukurasa: nini, lini, vipindi vingapi, utapima kwa nini. Usigawe darasa ili nusu wapate vijiti na nusu wakose kwa ajili ya kulinganisha. Hao ni watoto wako wote. Unalinganisha darasa na lenyewe, kabla na baada.

Hatua ya 5: Fundisha huku ukiangalia

Darasa la watoto 72 halikuachii nafasi ya kufundisha na kuandika kwa wakati mmoja, basi usijaribu. Fanya mambo mawili. Kila baada ya kipindi, kabla hujaenda kunywa chai, andika mistari mitano: kilichotokea, kilichokushangaza, neno moja la mtoto. Ukiahirisha hadi jioni utaandika unachotamani kiwe kimetokea.

La pili, mwombe mwalimu mwenzako aje walau kipindi kimoja, naye umpe kitu kimoja cha kuhesabu. Usimwambie "njoo uone ninavyofundisha", atakusifu tu kwa adabu. Mwambie, "Mwalimu, naomba uchague madawati matano, uhesabu ni watoto wangapi wanakata ile tarakimu ya makumi na kuandika mpya baada ya kufungua fungu." Hilo linahesabika. Tuseme amerudi na habari hii: watoto wanafungua mafungu kwa furaha, vijiti vimejaa mezani, wanapata jibu, wanaliandika. Lakini wengi hawaandiki chochote kati ya kufungua na kujibu. Kalamu imelala mpaka mwisho. Habari hiyo itunze, tutaihitaji.

Hatua ya 6: Pima tena, halafu usome polepole

Rudia jaribio lenye muundo ule ule kwa namba nyingine: 85 − 38, 93 − 46, 70 − 42. Linganisha wale tu waliofanya majaribio yote mawili. Kama siku ya pili hawakufika watoto wanane kwa sababu ni siku ya gulio, ukiwahesabu upande mmoja na kuwaacha upande mwingine utajidanganya.

Katika mfano wetu wote 72 wapo. Sasa mafungu ni 44 sawa, 9 wanageuza, 13 wanasahau kupunguza, 6 hawaeleweki.

Mwenye haraka ataandika "waliofaulu wamepanda kutoka 21 hadi 44" na kufunga daftari. Wewe tazama fungu la tatu. Walikuwa 12, sasa 13. Je, vijiti havikuwasaidia? Fuata namba za watoto, mmoja mmoja. Utakuta baadhi ya wale 12 wa mwanzo wamepona, na nafasi zao zimejazwa na watoto waliokuwa wakigeuza. Hao wamesogea: walikuwa hawajui kwamba kumi linafunguliwa, sasa wanajua, bado kuandika. Kwa alama wanaonekana palepale, kwa uelewa wameshavuka mto na wamekwama kwenye tope la ng'ambo. Jumla peke yake isingekuambia, ndiyo sababu uliwapa namba tangu mwanzo.

Pima mara ya tatu baada ya wiki tatu au nne, bila kutangaza. Jaribio la siku moja baada ya somo hupima kumbukumbu ya jana. Ikiwa wale wanaogeuza wamerudi kuwa wengi, badiliko lako lilikuwa la msimu, nalo ni jibu pia. Liandike.

Hatua ya 7: Wapelekee wenzako, hata kama halijaiva

Tanzania tuna mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, na ndani yake jumuiya za ujifunzaji shuleni. Vikao hivyo mahali pengine vimekuwa vya kusoma moduli kwa zamu huku watu wakitazama saa. Peleka kurasa mbili: swali, mafungu kabla, ulichobadili, mafungu baada, kilichokataa. Peleka na karatasi tano za watoto zilizofichwa majina. Waambie walimu wabashiri kila mtoto aliwaza nini kabla hujawaambia. Dakika kumi hizo huamsha kikao kuliko hotuba, na mara nyingi mwalimu wa Darasa la Kwanza ndiye wa kwanza kusema, "Huu wimbo wa ndogo kutoka kubwa ni wangu."

Kilichokataa usikifiche. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akikuta daftari linaloonyesha kosa, hatua uliyochukua na lililobaki, ana cha kuzungumza nawe. Akikuta daftari ambalo kila kitu kilifanikiwa, atajua liliandikwa jana yake.

Kisha mzunguko wa pili, ambao ni mfupi kwa sababu kazi nzito umeshaifanya. Swali sasa ni la wale 13: "Nifanye nini ili mtoto aandike makumi mapya papo hapo anapofungua kumi?" Mwenzako alishakupa dokezo: kalamu ilikuwa imelala. Vijiti havimdai mtoto kuandika, basi tafuta kitu kinachomdai.

Mimi ningejaribu duka. Kata karatasi, andika noti za 10,000 na za 1,000. Weka watoto watatu watatu: mnunuzi, mangi (yaani mwenye duka), na karani mwenye daftari. Mnunuzi ana 52,000, yaani noti tano za elfu kumi na mbili za elfu moja. Anatakiwa kulipa 28,000 kamili, kwa hiyo lazima achenji noti moja. Sheria ni mbili. Mangi hatoi noti kumi za elfu moja kabla hajapokea ile ya elfu kumi mkononi. Na noti ikibadili mikono, karani anakata 5 anaandika 4 kabla mtu hajasema neno jingine. Mtoto anayesahau kupunguza atanyoosha mkono kuchukua chenji huku ameikumbatia noti yake, na mangi wa miaka tisa, ambaye nyumbani hutumwa dukani kila jioni, hatakubali.

"Leta noti kwanza."